Ndoana Zilizopikwa

Masuda alikuwa akifunga nzi wa bandia tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa. Alijifunza Nairobi, katika karakana iliyouza kazi zake nje: unabana ndoana kwenye jiliwa dogo, unaizungushia uzi, manyoya na nywele za mnyama, mpaka inafanana na mdudu anayeliwa na samaki wa mito ya baridi. Kwao Malindi watu walimcheka. Samaki gani mjinga anayekula manyoya? Lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wasichana wenzake wote, na vidole hivyo ndivyo vilivyompeleka Dubai, kwenye karakana ya Mundhir, mtaa wa Al Quoz.

Mundhir alikuwa na duka la vifaa vya uvuvi. Familia yake ilitoka Unguja zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu. Siku ya kwanza alimwambia, "Mwanangu, hapa ni kwako," kisha akaichukua paspoti yake na kuifungia kwenye droo ya meza, "isije ikapotea." Masuda alifanya kazi hapo miaka minne. Nzi aliyependwa zaidi na wateja alimbuni yeye mwenyewe, mwenye manyoya ya rangi ya chungwa na nyeusi, rangi za leso ambayo mama yake aliipenda sana. Alimpa jina la mama, Khairunisa. Mundhir aliweka jina jingine kwenye boksi, jina lake mwenyewe, na akawaambia wateja kuwa humfunga kwa mkono wake, alfajiri, baada ya sala.

Masuda hakujali sana. Jambo alilojali lilikuja Februari.

Kaka yake Ashiraf alipiga simu asubuhi ya Jumatatu: mama amepooza upande mmoja, anamtaja. Masuda alikwenda moja kwa moja kwa Mundhir.

"Sir, naomba paspoti yangu. Mama ni mgonjwa sana."

Mundhir alikuwa akijiandaa kwa maonyesho ya Ijumaa, na boksi zilikuwa bado hazijajaa. "Pole sana, mwanangu. Lakini ni presha tu hiyo, watu wazima huwa nayo. Malizia kazi ya maonyesho, Jumamosi nakukatia tiketi mimi mwenyewe, inshallah."

Jumanne alimwomba tena. Jumatano alimpigia magoti, kweli kabisa, kwenye sakafu yenye vumbi la manyoya, na Mundhir akatazama pembeni kama mtu aliyeona jambo la aibu. Alhamisi mama alifariki. Walimzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Masuda aliyaona maziko kwenye simu, amejifungia chooni karakanani, picha ikikatika kila Ashiraf aliposogea. Aliona mchanga. Aliona miguu ya watu. Alipotoka, Mundhir alimpa boksi la tende na ruhusa ya nusu siku.

Hakulia mbele yake. Alirudi mezani Ijumaa na kufunga nzi arobaini. Tangu siku hiyo alikuwa na kitu kimoja tu alichokisubiri, ingawa hakujua kitakuja kwa njia gani.

Kilikuja Novemba. Mundhir alitaka ubia na mzee mmoja wa mtaa wa Mirdif aitwaye Himid, ambaye naye asili yake ni Unguja, tajiri na mvuvi wa miaka mingi. Himid alikuwa na sharti moja: hashirikiani na mfanyabiashara tu, anashirikiana na fundi. Basi Mundhir akamwalika safari ya wiki moja, Amerika ya kaskazini, kwenye mto unaomwaga maji katika moja ya maziwa makubwa ya huko. Majira ya baridi, stilihedi hupanda mto huo kutoka ziwani. Ni samaki wa jamii ya trauti, wa rangi ya fedha, mrefu kama mkono wa mtu mzima, mwenye nguvu za kumtoa mvuvi jasho kwenye theluji. Trauti wa kahawia nao hujaa humo humo.

"Utakuja nasi," Mundhir alimwambia Masuda. "Kwa Mzee Himid wewe ni mpishi. Nzi utafunga hapa kabla hatujaondoka, dazeni tatu. Yakichafuka maji, utafunga wengine kule, jikoni, kimya kimya. Umenielewa?"

"Nimeelewa, sir."

Jioni ile, chumbani kwake, Masuda aliwasha jiko la gesi. Alizishika ndoana moja moja kwa koleo dogo juu ya moto mpaka zikawa nyekundu, kisha akaziacha zipoe taratibu. Chuma kikipikwa hivyo hupoteza ugumu wake. Zilikuwa ndoana nyeusi tangu dukani, kwa hiyo masizi hayakuonekana. Ukizivuta kwa kidole zinakaa. Ukimtia samaki mkubwa, zinanyooka kama waya. Juu yake alifunga manyoya ya chungwa na nyeusi, na hakuwahi kufunga nzi vizuri namna ile.

Kila walipovuka dirisha la uhamiaji, Mundhir alinyoosha mkono na kuirudisha paspoti ya Masuda kwenye mfuko wa ndani wa koti lake.

Walifikia nyumba ya mbao kando ya mto. Masuda hakuwahi kuona theluji, na hakuipenda. Asubuhi ya kwanza wanaume walivaa suruali za mpira zinazofika kifuani, wakaingia majini na mwongozaji wao, Mmarekani mmoja mtaratibu. Saa sita Masuda aliwapelekea chai ya tangawizi na chapati. Alisimama ukingoni, mikono kwapani, akatazama. Baridi ilikuwa kali hata barafu ikaziba vipete vya fimbo za kuvulia, mnamopita mshipi, na kila baada ya muda ilibidi waipukuse kwa vidole.

Akaona mshipi wa Mundhir ukikazana. Samaki aliruka, akang'aa, akakimbia na mkondo. Mundhir alipiga kelele kama mtoto. Kisha fimbo ikanyooka ghafla na mshipi ukalegea.

"Ameponyoka!"

Baada ya saa moja akaponyoka wa pili. Himid, mwenye nzi wake wa zamani aliowafunga mwenyewe, alikuwa ameshamtoa trauti wa kahawia, akamshika majini kwa mikono miwili na kumwachia aende. Kisha alimtazama Mundhir kidogo.

Alasiri Mundhir alimfuata Masuda jikoni na kufunga mlango. Alitoa nzi wawili mfukoni. Ndoana zao zilikuwa zimenyooka.

"Nini hiki?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Labda ni baridi, sir."

"Baridi! Unanifanya mimi mjinga?"

"Sema kwa sauti, sir. Mzee Himid yuko sebuleni, atusaidie."

Masuda aliuona uso wa Mundhir ukibadilika alipoelewa mahali aliposimama. Hakuweza kumgombeza fundi ambaye alikuwa amekana kuwa anaye. Masuda akaendelea kukata vitunguu, na utamu alioupata kifuani ulimtisha mwenyewe.

"Nifungie wengine," Mundhir alinong'ona. "Ndoana nyingine, zile mpya. Nakuomba."

"Jumamosi, inshallah," Masuda alisema.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Kesho yake lilitokea jambo ambalo Masuda hakulitarajia. Mundhir aliogopa kuwatumia wale nzi yeye mwenyewe, lakini Himid, mbele ya mwongozaji, aliomba ampe mmoja ajaribu. Mundhir angekataaje? Himid akamfunga nzi kwenye mshipi wake, akautupa chini ya mti ulioinama, pale maji yalipokuwa mazito na ya kijani. Mara ya tatu mshipi ukasimama.

Masuda alikuwa amefika na chupa ya chai. Alimwona stilihedi akitoka majini mwili mzima, mkubwa kuliko wote wa siku ile iliyopita, ubavu wake una mstari mwekundu. Mzee alikuwa na miaka sitini na nane. Alimfuata samaki yule ukingoni, akiteleza juu ya mawe yenye barafu, akicheka, machozi ya baridi yakimtoka. Dakika kumi, labda zaidi. Mwongozaji alikwisha kuingiza wavu majini. Hapo ndipo ndoana ilipoachia.

Himid aliacha kucheka. Masuda aliona aibu, na aliichukia ile aibu, kwa sababu haikuwa sehemu ya mpango wake.

Mzee alivuta mshipi, akaishika ndoana, akaipindisha kwa koleo lake. Ikapinda kama udongo.

"Mundhir," aliita. "Ndoana hii imepitishwa motoni."

"Kiwanda, Mzee. Viwanda vya siku hizi..."

"Si kiwanda. Twende ndani. Utanifungia nzi mwingine, kwa ndoana zangu. Nataka nikuone."

Ndani, Himid aliweka jiliwa dogo mezani, karibu na dirisha, uzi na manyoya pembeni. Akavuta kiti, akakaa. Mundhir alikaa mbele ya jiliwa. Masuda alikuwa jikoni, mlango uko wazi, anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Mundhir alisema vidole vimekufa ganzi. Himid akamwambia anywe chai kwanza. Akanywa. Akachukua uzi, ukakatika. Akachukua mwingine, akazungusha mara mbili, manyoya yakachanguka yakaanguka mezani. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Himid alingoja tu, mikono magotini.

Mundhir akaruka kutoka kitini. "Huyu!" alipiga kelele, akielekeza kidole jikoni. "Huyu ndiye anayefunga! Wote anafunga yeye! Ameniharibia makusudi!"

Masuda akafunga bomba la maji.

"Mpishi?" Himid aliuliza taratibu.

Masuda alikausha mikono, akaja mezani, akakaa kwenye kiti ambacho Mundhir alikuwa amekiacha. Hakuombwa. Alibana ndoana ya mzee, akafunga nzi wa chungwa na nyeusi kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai, akamweka kwenye kiganja cha Himid.

"Na zile ndoana umezipika wewe, bi dada?"

"Ndiyo, Mzee. Zote thelathini na sita."

"Kwa nini?"

"Mama yangu aliugua Jumatatu akafa Alhamisi. Paspoti yangu ilikuwa kwenye droo ya huyu. Nilimpigia magoti. Mwulize. Mwulize kama anamjua hata jina."

Himid alimgeukia Mundhir. "Ni kweli?"

"Mzee, kulikuwa na maonyesho, mimi sikujua kama..."

"Mama yake akiitwa nani?"

Jina lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa Masuda kwenye boksi la kwanza kabisa, lile ambalo Mundhir mwenyewe aliibandua karatasi yake ya jina. Hakulikumbuka.

"Mpe pasi yake," Himid alisema.

Mundhir aliitoa kwenye mfuko wa koti na kuiweka mezani. Masuda hakuichukua upesi. Alitaka aitazame kidogo ikiwa pale, na Mundhir naye aitazame.

"Habari za ubia zimekwisha, khalas," Himid alisema. Halafu akamgeukia Masuda, na sauti haikulainika sana. "Na wewe, mwanangu. Haki yako naiona. Lakini mimi nimekaa miaka kumi na moja nikimtafuta samaki kama yule. Hilo ujue."

"Nisamehe, Mzee. Wewe sikukukusudia."

"Najua," alisema, lakini hakusema kuwa amemsamehe.

Siku zilizobaki Mundhir hakuingia majini. Alikaa kwenye gari lililowashwa kipasha joto, akifuta ukungu kwenye kioo. Himid alivua na nzi aliofungiwa na Masuda kwa ndoana nzima. Ijumaa alimtoa stilihedi wa kadiri, si yule mkubwa. Masuda alikuwa ukingoni. Alijua anatazamwa kutoka garini, naye akasimama mahali ambapo ataonekana vizuri.

Walirudi Dubai bila kusemezana. Himid alisimamia karatasi za Masuda mpaka akaachiliwa kazini, na habari ikazunguka kwa wavuvi wa mji mzima: fundi hakuwa fundi. Baada ya miezi michache Mundhir aliivunja meza ya kufungia nzi na kubaki na duka la fimbo na nguo.

Masuda alikuwa mtaa wa Deira, kwa wakala wa mizigo, akifunga boksi lake la kwenda Mombasa, simu ilipolia. Ilikuwa Taghreed, mke wa Mundhir, ambaye hakuwahi kumtendea ubaya.

"Masuda, mwenzangu, habari za siku? Ameniomba nikupigie. Anataka kusikia tu kwamba umemsamehe. Neno moja."

Masuda aliibana simu kwa bega ili mikono ibaki huru. Alizungusha kamba mara ya pili, akaikaza, akapiga fundo.

"Mwambie nimesikia," alisema, akakata simu, akamwita mpimaji aje na mizani.