Vichwa vya Samaki kwenye Mbolea ya Germaine

Kusema kweli, Nahum alijua vizuri nani aliyewaleta panya. Ni yeye. Vichwa vya samaki aliowaleta kutoka Kinkondja vilimwozea ndani ya kapu, akavitupa kwenye lundo la mbolea la mke wake, Germaine, akidhani uchafu wowote ni mbolea. Kumbe alikuwa anawaandalia panya karamu. Wiki mbili baadaye walikuwa wanapita uani mchana kweupe, hawana hofu wala haya.

Papa Kyabu, shefu wa avenyi, yaani mkuu wa mtaa wao, akaja Jumapili. "Mama Germaine, Jumamosi iko salongo, avenyi yote inasafishwa. Nikikuta panya hapa, tunachoma hii lundo." Germaine alikuwa amelilea lundo hilo mwaka mzima. Bila mbolea hiyo, mchanga wa kiwanja chao haukutoa hata jani la lengalenga.

"Na nani alitupa samaki humu?" shefu akauliza, maana harufu ilikuwa haijifichi.

Nahum akatazama viatu vyake. Germaine akamtupia mumewe jicho moja, kisha akajibu, "Ni minyi, papa. Nilikosea."

Haki ya Mungu, mwanamke yule. Nahum alitamani ardhi impasukie.

Kesho yake akaleta sumu ya panya kutoka sokoni, angalau ajikoshe. Germaine akaikataa. Watoto wa Feza, jirani yao, hutega panya, huwachoma na kuwala. "Unataka tuzike mutoto sababu ya mbolea?" Nahum akairudisha sumu kwa muuzaji.

Basi Germaine akajifunga kitenge, akaanza kazi. Alibomoa lundo lote kwa jembe, akatoa kila kichwa na kila mwiba, akavifukia mbali kwenye shimo la kufika kiunoni. Akatandika chini mabati makuukuu aliyoyatoboa kwa msumari, maji yapite, panya asipite. Juu akaweka mabua makavu ya mahindi, mabaki ya jikoni, udongo, kisha mabua tena. Kila asubuhi akaligeuza na kulimwagia maji, maana panya hapendi nyumba inayobomolewa kila siku. Mgongo ulimuuma na hakulalamika. Nahum alipoomba kusaidia aliambiwa achote maji, naye akachota mpaka mabega yakawaka moto.

Jumamosi avenyi nzima ikatoka na mafagio. Papa Kyabu akaja na kibiriti. Akalizunguka lundo, akachokonoa kwa fimbo, akaingiza mkono. Alikuta joto tu, na harufu ya udongo ulionyeshewa. Shimo la panya hakuliona.

"Sawa, mama. Ninakuachia. Lakini usirudilie tena kutupa samaki," akamwonya mbele ya watu wote, na wanawake wawili wakacheka.

Hapo Nahum akashindwa kuvumilia. "Papa shefu, samaki nilitupa minyi. Ba panya niliita minyi. Mwenye alibafukuza njo huyu," akasema, akimwonyesha mke wake.

Germaine akamtazama mumewe, machozi yakimlengalenga, halafu akamkabidhi jembe ageuze mbolea.