Vitunguu vya Kapitolina Yegorovna

Kapitolina Yegorovna alikuwa mtaalamu wa mimea, na fahari yake yote ilikuwa kwenye sanduku dogo lenye taa na udongo, lililokuwa likizunguka dunia ndani ya kituo cha anga za juu. Yeye alibaki duniani; humo wanaanga walimpandia vitunguu. Wenzake waliounda roketi walimtania kwamba serikali imerusha bustani ya bibi. Akawaacha waseme. Nyumba gani ya Moscow haina kitunguu kinachochipua ndani ya gilasi ya maji dirishani, baridi ikikaza?

Ila sasa utani ulikuwa umemchoma. Mara mbili wanaanga walitoa taarifa ileile kwa redio: vimechipua vizuri, kisha vimeoza, tumevitupa. Asubuhi hiyo kamati ilikutana kwenye chumba cha mawasiliano kuamua kama sanduku lizimwe, nafasi yake wapewe watu wa kamera. Mwenyekiti Stukalov, mtu asiyependa kupotezewa muda, alishaamua moyoni. Alimwambia wazi kwamba kitu kisichostawi huko juu hakina haja ya kulishwa umeme. Kapitolina alimsikiliza. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye lile sanduku, na likizimwa hakuna ambaye angempa jingine.

Kituo kilipopita juu yao, sauti ya Rodion, mmoja wa wanaanga hao na mhandisi wa chombo, iliingia ikikwaruza. Kapitolina aliomba amuulize mwenyewe. Vilipooza, vilinuka? Mizizi ilikuwa na rangi gani? Majani yalianza kulegea nchani au chini? Rodion akajibu hivi, akajikanyaga, akajibu vile. Loo, mwanamke huyu amelea wavulana wawili. Uongo wa namna hiyo haumpiti.

"Rodion, niambie kweli. Sanduku langu wanalizima leo."



"Hatukuvitupa, Kapitolina Yegorovna," akasema Rodion. "Tulivila. Vyote, kwa mkate mweusi na chumvi. Miezi yote hii tunakamua chakula kwenye mirija, halafu wewe unatuwekea kitunguu kibichi mbele ya pua. Nani angevumilia?"

Watu wa roketi wakaangua kicheko. Stukalov hakucheka. Alivuta kipaza sauti, akauliza kwa ukali:

"Vilikuwa vikali?"

"Vilitutoa machozi, mwenyekiti. Na huku machozi hayadondoki, yanang'ang'ania jichoni. Tulikaa hivyohivyo, tunatafuna."

Stukalov akamgeukia Kapitolina, akamuuliza kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha: sanduku kubwa zaidi lingehitaji umeme kiasi gani?

Jibu alikuwa nalo, akamtajia. Furaha ilimjaa mpaka akaona haya. Alikuwa amewahi kupewa vyeti na kupeana mikono na wakubwa, lakini hakuwa amewahi kusifiwa namna hii: mavuno yake yameibwa yakaliwa, halafu yameibwa tena yakaliwa, huko ambako hakuna mtu aliyewahi kulima. Akanyoosha mgongo, akashika kipaza sauti.

"Safari ijayo, Rodion, mniachie hata kimoja nipime."

Rodion akasema hawezi kuahidi.