Harusi ya Kuigiza Uani kwa Bi Mwanakombo

Siku ya tatu tangu uani pake pageuzwe mahali pa kupigia filamu, Bi Mwanakombo alikuwa ameshazoea mengi. Alizoea kuona shuka zake kavu zimeanikwa kambani ili mvulana na msichana wachunguliane katikati yake huku wakiimba. Alizoea toroli la mchanga, ambalo mpiga picha alikaa ndani yake na simu mkononi, akasukumwa taratibu ili picha itembee. Alizoea hata mvua yao. Mtu alipanda juu ya paa na keni ya kumwagilia mchicha, akawanyeshea wale wawili tu, na Mtoni yote iliyobaki inawaka jua.

Hakukubali kirahisi. Mjane mwenye binti mmoja hana budi kuangalia mara mbili. Brightson, kijana mwongozaji aliyepanga chumba mtaa wa pili, alimsikia binti huyo, Raudha, akisoma kaswida kwenye maulidi, akaja kuomba aigize kwenye filamu yake, ameinamisha kichwa. Bi Mwanakombo akampa masharti: mwanangu asishikwe, ushungi usivuliwe, na adhana ikilia kila kitu kinyamaze. Brightson ni Mkristo, lakini kwa siku tatu zile yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzima spika muadhini akianza.

Basi mama akawa anatazama kutoka mlango wa jikoni, na kutazama kukamwingia. Marehemu mumewe, Khalfani, alikuwa mpenzi wa sinema za Kihindi. Alikuwa akimwimbia nyimbo ambazo hakujua maana ya neno hata moja, na mkewe akaelewa kila kitu. Hii ya uani ilikuwa ya shida tupu, ila ilikuwa na utamu uleule. Muuza mkaa kampenda binti wa watu, kila akitaka kusema anashindwa, anaimba.

Muuza mkaa mwenyewe ni Farhan, fundi wa mafriji wa hapohapo Mtoni, kijana wa maneno machache. Na hapo Bi Mwanakombo aliona jambo. Mtu anayeigiza, akiambiwa "kata", huenda zake kunywa maji. Farhan akiambiwa "kata" aliyainamisha macho mchangani, lakini miguu ilibaki palepale, vidole vimemwelekea Raudha. Mama aliliona, akalihifadhi.

Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, ikawa zamu ya harusi, mwisho wa filamu. Wazee sita wa msikitini walikaa mkekani kwa ahadi ya pilau, na pilau lilikuwa la kweli, Bi Mwanakombo kalipika mwenyewe. Baba wa bibi harusi aliigizwa na Mzee Nassibu, mdogo wake marehemu Khalfani, kwa kuwa ana kanzu nzuri na hana makuu. Kwanza walimpiga picha akiingia ndani kumuuliza binti kama anaridhia. Raudha akajibu, "Nimeridhia, baba mdogo." Filamu ilitaka aseme "baba". Wakacheka, wakaacha hivyohivyo.

Kisha Mzee Nassibu akatoka, akakaa mbele ya Farhan, wakashikana mikono. Hapo kazi ikakwama. Kwenye filamu bibi harusi anaitwa Hamida, na mzee kila akifika kwenye jina anasita.

"Hamida binti nani?" aliuliza. "Mie huyo baba yake simjui."

"Si ni wewe, mzee," alisema Brightson.

"Mie sina mtoto Hamida."

Wazee wa mkekani wakacheka. "Mpeni pilau kwanza, labda atamkumbuka," alisema mmoja wao, Mzee Ismail.

Brightson akajifuta jasho. "Mzee wangu, wala usihangaike. Hapa wimbo unapita juu, sauti yako haisikiki. Taja majina yoyote, hata ya kweli. Nachotaka midomo icheze tu."

Spika ikafunguliwa, taarabu ikajaa ua. Na Mzee Nassibu, aliyekwisha kuoza binti zake watatu kwa kinywa chake mwenyewe, safari hii hakusita hata kidogo. Bi Mwanakombo alikuwa karibu kiasi cha kuusoma mdomo wake. Nimekuoza binti wa kaka yangu, Raudha binti Khalfani, kwa mahari mliyoafikiana.

Mwiko ukamsimamia hewani. Tangu chuoni, alipokuwa mtoto wa juzuu, alifundishwa kwamba ndoa haina mzaha, anayeitamka kwa mchezo imempata kama aliyekusudia. Akatazama mkekani. Walii wa kumwoza yupo, na ni walii wa haki, maana baba hayupo duniani na kaka Raudha hana. Mashahidi wamejaa. Binti kaulizwa, karidhia. Limebaki neno moja la kijana, na mwanawe anaolewa mbele ya simu bila mtu kujua.

"Shemeji, ngoja," aliita. Taarabu ikamzidi. Akaacha kuita, akakata ua pekupeku, mwiko mkononi.

Alipofika, Mzee Nassibu alikuwa amemaliza, anangoja jibu. Brightson, nyuma ya toroli, alimpungia Farhan mkono aseme. Farhan akatikisa kichwa, akautoa mkono wake polepole kwenye mkono wa mzee.

Spika ikazimwa.

"Braza, si ulikariri?" aliuliza Brightson. "Nimekubali, basi."

"Neno ninalo. Ila katajwa Raudha, si Hamida. Nikijibu, nimeoa."

Mzee Ismail alianza kucheka, kicheko kikamfia. "Astaghfirullahi. Na sie hapa mashahidi."

Mzee Nassibu akavua kofia. "Nisamehe, shemeji. Ulimi umezoea njia, umejiendea."

"Mie sikujua, mama," Brightson alisema, uso umempauka. "Kwetu bila padri hakuna kitu."

Bi Mwanakombo akamgeukia kijana. "Farhan, umekataa kwa sababu humtaki?"

Farhan aliinamisha kichwa. "Kumtaka namtaka, mama. Ila si hivi. Kanzu yenyewe ya kuazima, wazee wangu hawajui, na yeye hajaulizwa."

"Kaulizwa," alisema Mzee Nassibu.

"Aliyeulizwa ni Hamida, mzee."

Pazia la dirishani likatikisika, na upepo haukuwepo.

"Sasa filamu yangu inaishaje?" Brightson aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ishieni kwenye posa," alisema Bi Mwanakombo. "Wazee wawili wanaleta barua, mama anapokea mlangoni, msichana anaimba nyuma ya pazia. Basi."

"Watu wanapenda harusi, mama."

"Watu wanapenda kujua kwamba anatakwa. Wazee wakishavaa kanzu wakabeba barua, wamejua. Na huyo mama nitakuwa mie, mpige picha mkono tu, sura yangu mwiache."

Wakafanya hivyo. Mzee Ismail na mwenzake wakaja na bahasha, mkono wa Bi Mwanakombo ukatoka mlangoni ukaipokea, na ndani Raudha akaimba mpaka mpiga picha akasahau kusema toroli lisukumwe. Kata ilipoitwa, Farhan alikuwa amesimama nyuma ya wazee, mahali ambapo hata kamera haikumhitaji.

"Bahasha hii haina kitu," Bi Mwanakombo alimwambia.

"Ya filamu, mama."

"Naona. Ya kwenu ikija isije hivi. Wazee wako waanzie kwa Nassibu."

"Inshallah, mama."

Akaingia ndani. Raudha alikuwa amekaa kitandani, kanga ya bibi harusi bado begani.

"Watu wake wa wapi, huyu kijana?"

"Wa Kinyerezi, mama. Baba yake fundi seremala, mama yake anauza vitenge. Ana dada mmoja."

"Dada naye umemjulia wapi?"

Raudha akajishughulisha na pindo la kanga.

"Haya," alisema mama yake, na uso akaugeuzia ukutani ili tabasamu lisionekane. "Njoo tupakue, wazee wana njaa."