Alama za Mdudu Asiyeonekana

Haya, nitegulie kitendawili hiki: huingia bila hodi, hula mlango, kisha hutokea palepale alipokula. Umeshindwa? Tulia basi, jibu linakuja kwa miguu yake sita.

Palikuwa na mkaguzi wa miti, watu wakimwita Bwana Alama, kwani kila kitu alikipa alama, hata chai ya mkewe. Siku moja ofisi ikamtuma akapime hatari ya mdudu mgeni alaye mijozi, miti ile izaayo kokwa ngumu za jozi. Na mjini kote mjozi ulikuwa mmoja tu: wa mama mkwe wake, alioupanda siku alipomzaa huyohuyo mke.

Bwana Alama akaketi chini ya mti, haya imemjaa, akafungua fomu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kunikatia mti?"

"Ni maswali tu, mama. Mdudu anaweza kuingia hapa?"

"Sijui."

"Haijulikani: alama tano, hatari ya juu kabisa. Je, atazaliana?"

"Mimi ndiye mkunga wake?"

"Haijulikani. Tano."

Kila wasilolijua lilipata tano, hadi fomu ikajaa alama zote. Na sheria ilisema hivi: mdudu akionekana, ziteketezwe mbao alimoonekana, basi. Asipoonekana, ikatwe mijozi yote, maana amejificha.

"Mwanangu," mama mkwe akauliza, "wewe mwenyewe umewahi kumwona?"

Bwana Alama akakohoa, akafunga fomu, akaenda ofisini kutafuta muhuri wa kuukata mti. Mama mkwe akamfuata unyounyo, mkoba kwapani.

Mkuu wa ofisi alikuwa na meza ya mbao ya mjozi kutoka ng'ambo, aliyoipangusa mwenyewe kila asubuhi kama mtoto mchanga. Akainua muhuri, akaugonga: pwa! Unga wa mbao ukamwagika sakafuni. Mezani kikafunguka kitundu, akatoka mdudu mdogo mweusi, akajikung'uta, akapanda fomu na kusimama juu ya neno "haijulikani".

Mkuu akamfunika upesi kwa kikombe.

"Mimi sijaona kitu," akasema. "Na wewe, Bwana Alama, kama kazi unaipenda, hujaona."

Ndani ya kikombe: kwaru, kwaru.

Bwana Alama akamtazama mkuu, akamtazama mama mkwe. Mkate ulikuwa kwa huyu, mke kwa yule.

"Mama," akasema, "pale chini ya mti uliniuliza jambo. Ndiyo. Nimemwona."