Mapacha Wasioonekana

Wenzake walimwita Mtaalamu, naye alilivaa jina hilo kama shati lililopigwa pasi. Alipopewa kazi ya kujenga kanzidata, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi taarifa, ya kliniki ya watoto, nesi mkuu, mama aliyekaribia kustaafu, alimfungulia fomu aliyoitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta: juu jina la mama, chini yake mistari mitatu ya watoto.

"Tumeitumia miaka minne, mwanangu. Anzia hapa."

Mtaalamu akacheka mbele ya manesi wote. "Mama, mambo haya yana wasomi wake." Akajenga kwa kichwa chake: uzazi mmoja, mtoto mmoja.

Mwezi wa pili tangu mfumo uanze, dada yake alimpigia simu kutoka kliniki. Alikuwa amepeleka mapacha wake kuchanjwa, na kompyuta ilimwonyesha mmoja tu.

Mtaalamu alimkuta dada amesimama dirishani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, foleni nzima ikisikiliza.

"Huyu hapa!" dada akapaza sauti kwa fahari. "Mdogo wangu ndiye aliyeutengeneza mfumo. Atawaonyesha mlipokosea. Kazi yenu kuharibu vitu vya watu tu!"

Manesi wakainamisha vichwa. Mtaalamu akaitazama skrini, akaelewa papo hapo: pacha wa pili alipoandikishwa, alimfuta wa kwanza. Pembeni, ukutani, ilibandikwa karatasi ya majina kwa mwandiko wa mkono. Watoto kumi na mmoja, mapacha ambao mfumo uliwafuta. Manesi walikuwa wakimsitiri kosa lake.

Dada alipoanza tena kuwasema manesi, ndipo ulimi ukamfunguka.

"Dada, basi. Kosa ni langu."

Dada akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Watoto wakachanjwa, akaondoka bila kuaga.

"Mbona hukuniambia, mama?" Mtaalamu akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilikwambia siku ile."

Akavuta kiti karibu naye, masikio yakimwaka moto, akaomba afunguliwe ile fomu. Wakaipitia mstari kwa mstari: mama jedwali lake, watoto jedwali lao. Wakafika kwenye kisanduku kilichoandikwa "Aliyemleta mtoto".

"Na hiki cha nini?"

"Si kila mtoto ana mama wa kumleta," nesi akasema.

Hilo nalo hakuwa amelifikiria. Akaliandika bila kuinua macho.