Ngoma ya Saadia

Mwaka ule kiangazi kiliingia na harusi zake. Mvua hakuna, shamba limelala, askari wamerudi nyumbani likizo. Watu wa Kibra wafanye nini kama si kuoana? Hapakupita Ijumaa pale mtaani Makina bila binti kutolewa. Na Saadia, ambaye bila ngoma yake maharusi wengine walikataa hata kutoka chumbani, alikuwa kitandani na mtoto wa siku kumi na mbili.

Arobaini ni arobaini, na mama mkwe wake, Bi Fatna, hakuwa na mchezo. Asitoke. Hata mlangoni asisimame, upepo usije ukampiga. Basi Saadia akakaa, anatoka jasho, anasikiliza vigelegele vya wenziwe kwa mbali, na roho inamuuma ajabu.

Wa kumtia kichaa hasa alikuwa Zeinabu, binti wa mama yake mdogo. Saadia ndiye aliyemfundisha kupiga, tena kwa kumchapa vidole. Sasa wanawake walikuwa wamemweka yeye katikati, na ngoma ya kuazima. Kila baada ya harusi, jua likielekea kuzama, Zeinabu alikuja mbio na sahani ya wali, akaketi ukingoni mwa kitanda na kueleza yote: nani alivaa nini, nani aliteleza akaanguka, wimbo gani ulirudiwa mara tatu. Haya, mwambie mtu mwenye njaa jinsi ulivyoshiba. Saadia alicheka, akauliza, akala. Akibaki peke yake alilia kwa wivu, maana siku ishirini na nane ni nyingi, na watu husahau upesi. Akitoka, je, atakuta nafasi yake ingali wazi?

Kisha ikaja harusi ya binti wa mzee Fadlalla, harusi ambayo hata watu wa Riruta na Kawangware walialikwa. Siku hiyo mtoto alikuwa ametimiza siku ishirini na moja. Asubuhi Zeinabu akaja kuomba ngoma yenyewe, ile ya udongo iliyowambwa ngozi ya mbuzi, ambayo Saadia aliachiwa na marehemu mama yake.

Ngozi ile ilikuwa kuukuu. Ilitaka kupashwa juu ya makaa yaliyofifia, taratibu, mbali na ulimi wa moto, na Saadia hakuwahi kumwachia mtu kazi hiyo. Kwenye harusi watu walipikia kuni, kwa hiyo kila mara alikwenda na makaa yake mwenyewe, aliyoyanunua kwa Waceke, muuza makaa wa Kawangware. Gunia lilikuwa pale pale, nyuma ya mlango.

“Dada, kuna la kuangalia?” Zeinabu akauliza.

Saadia akatazama gunia. Akamtazama Zeinabu, amejipaka hina mpaka viwikoni.

“Ipashe moto tu,” akasema.

Mtaniuliza, mtu ataiachaje ngoma ya mama yake iungue? Mwenye wivu haulizwi hesabu.

Alasiri ngoma ikaanza, ikapigwa kidogo, ikanyamaza. Saadia akainua kichwa. Kimya. Akangoja furaha imjie, haikuja.

Zeinabu akaja mapema siku hiyo, mikono mitupu, macho yamevimba. Ngoma aliifunga kwenye kanga. Ngozi ilikuwa imepasuka katikati, kingo zimekunjamana kwa moto wa kuni.

“Nisamehe, dada. Kila harusi huwaambia kabla sijaanza: mimi namshikia Saadia nafasi tu, akitoka arobaini anakaa yeye. Hata leo niliwaambia. Halafu nimekwenda kukuharibia ngoma ya mama.”

Saadia alitaka kunyamaza. Angeweza, hakuna aliyejua. Lakini gunia la makaa lilikuwa linamwangalia.

“Hukuharibu wewe,” akasema. “Nilijua kuni zitaipasua. Nilijua, nikakuacha.”

Zeinabu hakumtukana. Alilaza ngoma miguuni pa kitanda, akamfunika mtoto vizuri, akatoka bila kuaga.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na harusi nyingine, nyumba ya tatu tu kutoka pale. Ile ngoma ya kuazima ilikuwa imerudishwa kwa wenyewe, wakapiga debe. Saadia alisikia kila kitu, kigelegele kwa kigelegele, na kicheko cha Zeinabu juu ya vyote. Wimbo mmoja ukarudiwa mara tatu, akashindwa kuelewa kwa nini. Watu wakapiga kelele, halafu wakacheka sana. Nani aliteleza?

Jua likaelekea kuzama. Saadia akamweka mtoto kando, akajisogeza, akaacha ukingo wa kitanda wazi. Akakaa hivyo mpaka Bi Fatna akaingia na uji, akamuuliza anamngoja nani.