Kitundikio Kisicho na Kulabu

"Kulabu ziko wapi?" aliuliza Mwalimu Filimone, akilizunguka lile umbo la mbao kana kwamba zingejitokeza zenyewe.

"Sikuweka, Mwalimu," alijibu Pelenaise.

Swali la mtihani wa ufundi lilikuwa limetoka ng'ambo, kama kila mwaka: tengeneza kitundikio cha makoti ya baridi ya familia. Wanafunzi kumi na tisa walikuwa wamepachika kulabu. Pelenaise alikuwa amechonga fito tatu nene za mviringo, laini kama shavu la mtoto.

"Kwetu hatuna koti hata moja," alisema. "Tuna taovala saba. Tukirudi kutoka kanisani tumelowa, mama anaitandaza mikeka hiyo kwenye viti vyote, sisi tunakaa chini."

Darasa likaangua kicheko. Filimone hakucheka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefundisha watoto wa visiwa vya joto vya Tonga kutundika makoti, na kila asubuhi alijifunga kiunoni taovala ileile, mkeka aliosukiwa na marehemu mkewe. Alijua kulabu ingeukata.

Alijua pia kwamba bila alama za mtihani huo msichana huyu hafiki chuo cha ufundi.

"Mwanangu, wasahihishaji hawaijui taovala. Wataona fito tu, waseme hukujibu swali. Weka kulabu sita, yaishe."

"Nikitoboa nitaziharibu."

"Kaidi kama baba yako!"

"Baba anasema ukaidi nimeutoa kwako, Mwalimu."

Filimone alipitisha kiganja juu ya ufito mzima, akitafuta kasoro ya kumkemea nayo. Hakuipata. Picha za kazi zilitakiwa kutumwa kwa wasahihishaji kabla ya saa tisa.

Akaanza kufungua kamba ya kiunoni.

Kicheko kilikatika. Mwalimu bila taovala mbele ya darasa ni kama mtu aliyekutwa na wageni akitoka kuoga. Aliukunjua mkeka, akautandika kwenye ufito wa juu. Ukateremka pande zote mbili bila kujikunja hata kidogo.

"Haya, piga picha. Waone wenyewe."

Pelenaise aliinua simu, uso ameuelekeza ukutani. Filimone akachungulia.

"Umepiga dari."

"Naona haya, Mwalimu."

"Hata mimi naona haya. Piga tena."

Nyuma yao, bila kuambiwa na mtu, wanafunzi wote kumi na tisa walikuwa wamegeukia madirishani, wakitazama uwanja usio na mtu.